Kata Bondeni

Shemeji yangu hajawahi kukaa kitini mpaka kiti kikapata joto. Hata akila, goti moja linacheza chini ya meza, na akimaliza anainuka kunyoosha kitu ambacho hakikupinda: mkeka, fremu ya picha, vikombe kwenye rafu. Mtaani wanamwita Milimita. Jina alipewa na kinyozi wa mkabala na nyumba yangu, siku aliyomnyoa akaambiwa ndevu za kulia zimezidi za kushoto kwa milimita mbili. Kinyozi akachukua rula apime kwa kejeli, akakuta ni kweli.

"Milimita mbili tu, bwana. Nani ataziona?"

"Kwenye ramani zangu milimita moja ni mita kumi ardhini," akamjibu. "Mita kumi ni nyumba ya mtu na choo chake."

Basi, akawa Milimita hadi leo.

Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Mke wake alimtangulia, watoto wana maisha yao huko mbali, naye akahamia chumba changu cha uani miaka tisa iliyopita na sanduku moja la nguo na meza ya kuchorea iliyotulazimu kung'oa mlango ili ipite. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani katika ofisi ya halmashauri. Huko kulikuwa na kompyuta mbili, moja imekufa na nyingine ni ya katibu muhtasi, kwa hiyo ramani zilichorwa kwa mkono kama zamani: karatasi ile nyembamba inayoonyesha cha chini yake, kalamu za wino, na wembe wa kukwangulia wino ukikosea. Wembe wa shemeji ulikuwa na kutu. Hakuwa na mazoea ya kuutumia.

Mimi ni fundi cherehani. Nilisoma darasa la saba nikatosheka, lakini kazi zetu zinafanana kuliko anavyopenda kukubali. Wote wawili tunachora mstari, halafu mtu mwingine ndiye anayependeza au anayeumia.

Mwaka ule halmashauri ilikuwa inagawa kata upya. Kata ndiyo inayotoa diwani, na diwani ndiye anayekwenda kupiga meza huko kwenye vikao ili barabara yako imwagiwe kifusi. Sisi wa bondeni hatukuwa na kata. Tulikuwa tumeshonewa kwenye kata ya mlimani kama kiraka cha rangi nyingine. Walipotushona tulikuwa wachache. Sasa tumefika elfu kumi, lakini wao ni elfu kumi na mbili, na kila uchaguzi diwani anatoka kwao. Mvua ikinyesha mtaro mkubwa unafurika, tunavuka viatu mkononi na watoto mgongoni. Diwani anatupa pole kwa kipaza sauti, akiwa huko huko juu, pakavu.

Kamati ya mipaka ikatangaza kikao cha kusikiliza watu ukumbini. Bondeni tulijipanga. Mimi nikamfuata shemeji uani, nikamkuta anachonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha ya kumtoboa mtu.

"Shemeji, si utakuja?"

"Siji."

"Kwa nini? Wewe nawe unavuka ule mtaro na viatu mkononi. Nimekuona, miguu kama ya korongo."

"Ndiyo sababu siji. Ramani hiyo nitaichora mimi. Nikionekana nimekaa na watu wa bondeni, kesho watasema Milimita kavutia kwao. Mchoraji haendi kusikiliza maneno. Anangoja karatasi, anachora kilichoandikwa."

"Hata sauti ya shemeji yako hutaki kuisikia?"

"Kalamu yangu haina shemeji."

"Lakini tumbo lako linaye, maana kila siku linaniuliza kuna nini leo."

Akacheka, goti likicheza. Hakuja.

Kikao kilikuwa chetu. Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mkuu mstaafu, mama mfupi ambaye hata leo akikutazama unajihisi hujafanya kazi ya nyumbani. Tulisema yetu. Nilisimama nikaeleza habari ya mtaro, na kwamba mtu wa mlimani hajui harufu yake kwa sababu harufu inashuka, haipandi. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Aliandika. Mwisho akasema mbele ya wote kwamba hoja yetu ina uzito, idadi inatosha, na kamati itapendekeza kata ya bondeni. Tulirudi kwa miguu tunapiga kelele kama tumetoka harusini. Shemeji alipotuona akaingia chumbani akafunga mlango, asije akasikia.

Wiki zilizofuata alikuwa mtu wa kutembea tembea. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na ramani ile ndiyo ya mwisho. Jambo moja lieleweke kuhusu ramani: pembeni chini kuna kisanduku kidogo kimeandikwa Mchoraji, na humo ndimo jina lake linakaa. Miaka thelathini na moja mtu huyu hakuwahi kutajwa redioni wala kupewa cheti cha mfanyakazi bora. Jina lake liko kwenye visanduku tu. Na ramani ya kata si ya kukunjwa na kutupwa kabatini, inatundikwa ukutani kila ofisi, inakaa miaka kumi. Hakusema kwamba hilo linamfurahisha. Ila nilimkuta siku moja anaandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya kufungia nyuzi zangu, mara ishirini, anatafuta ukubwa wa herufi.

Ramani ikabandikwa ukumbini Jumatatu. Mwenye pingamizi ajaze fomu, mwisho Ijumaa saa tisa alasiri.

Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, nikaenda Jumanne. Nilimkuta kinyozi amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama mtu anayetazama maiti asiyemfahamu.

"Fundi, karibu," akasema. "Ukija tena kwangu kuomba kiberiti, uje na kibali cha kusafiria."

"Una maana gani?"

"Tazama."

Nikatazama. Kata ya bondeni haikuwepo. Kulikuwa na mstari mweusi mzuri, umenyooka, unashuka kutoka mlimani, unaingia bondeni, unapita katikati ya uchochoro wetu, kati ya kibaraza changu na kiti cha kinyozi, unakwenda mpaka mtaroni. Upande wangu umetiwa kata ya mlimani, upande wa kinyozi umetiwa kata ya sokoni. Watu elfu kumi wamepasuliwa kama samaki wa kukausha, elfu tano huku wakamezwe na elfu kumi na mbili, elfu tano kule wakamezwe na elfu tisa. Zamani tulikuwa kiraka. Sasa tumekuwa viraka viwili.

Na pembeni chini, kwenye kisanduku, kwa herufi za ukubwa ule aliouhangaikia: jina la shemeji yangu.

"Huyu si Milimita wenu?" akauliza mama mmoja nyuma yetu. "Watu wa mlimani wamemlisha, huyo."

"Mtu aliyenigombeza kwa milimita mbili za ndevu," kinyozi akasema, "leo kakosea bonde zima. Mimi sisemi kitu, fundi. Ni shemeji yako."

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini. Nikakaa kwenye cherehani, nikavunja sindano mbili, nikaacha. Aliporudi, jua bado liko juu ya mapaa, hata salamu sikumpa.

"Umetukata, shemeji."

Alikuwa anavua viatu. "Nimechora nilichoambiwa."

"Uliambiwa nini?"

"Mambo ya ofisi siyaleti nyumbani, unajua."

"Ramani iko ubaoni na nzi wanatembea juu yake. Siri gani iliyobaki? Nataka kujua nani kakwambia upitishe mstari kwenye kibaraza changu."

Akavuka chumba, akanyoosha fremu ya picha ya mdogo wake. Akarudi. Akainyoosha tena.

"Unadhani mimi nilifurahi?" akasema. "Nilipoipata ile karatasi nilikaa siku nzima sijaigusa. Nilijua wewe unataka nini, ingawa nilifunga mlango. Nyumba hii haina dari, shemeji, nilisikia kelele zenu zote. Lakini nikasema, wakubwa wamekaa, wameona vingine, kazi yangu ni kuchora. Katibu wa kamati, ambaye ndiye mkubwa wangu ofisini, ameandika mwenyewe kwa penseli nyekundu, juu ya karatasi yangu, maneno mawili. Kata bondeni. Basi nikakata bondeni. Nikatafuta mahali pa katikati kabisa ili pande zilingane. Tofauti ni watu kumi na mmoja tu."

Nilikuwa na chaki mkononi. Nilikumbuka mteja wangu mmoja wa zamani, aliyeniletea gauni kuukuu na kitambaa kipya, na kikaratasi kimebanwa kwa pini: kata mikono. Nikashika mkasi nikakata mikono ya lile gauni kuukuu. Kumbe yeye alitaka kipya kishonwe mtindo wa kata mikono, na lile kuukuu lilikuwa la kuigizia tu, tena la mama yake. Alilia kibarazani kwangu mpaka majirani wakaja.

"Shemeji," nikasema, "hebu rudia hayo maneno mawili."

"Kata bondeni."

"Kulikuwa na 'ya'?"

"'Ya' gani?"

"Kata ya bondeni. Kama kata ya mlimani. Mwenyekiti alisema hivyo hivyo ukumbini, watu mia mbili wamesikia, isipokuwa wewe uliyejifungia."

Akanitazama. Akakaa kwenye kiti, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu goti lile likatulia. Niliogopa. Nilidhani amepatwa na kiharusi.

"Haiwezekani," akasema. "Huyu Katibu ni mtu wa kuamuru. Karatasi zake zote: futa hapa. Sogeza mashariki. Kata mtaroni. Miaka yote anaandika hivyo, sijawahi kuona ametaja jina la kitu."

"Na wewe miaka yote umezoea kuamriwa."

Goti likaanza tena, na safari hii kwa miguu yote miwili.

Jumatano aliondoka kabla sijawasha jiko. Ofisini wachoraji walikuwa wawili, yeye na binti mmoja aliyemfundisha kazi mwenyewe, wanamwita Dada Rula, mrefu, mwembamba, hacheki ovyo. Kila mmoja alichora karatasi zake, na karatasi ya bondeni ilikuwa kwa shemeji peke yake. Akamwomba Dada Rula afungue droo. Kwenye karatasi zake, kwa penseli ile ile nyekundu na mwandiko ule ule: kata mlimani, kata sokoni.

"Na wewe ulifanyaje?" akamuuliza.

"Niliandika jina la kata, mzee. Ulitaka niukate mlima?"

Akaenda kwa Katibu. Haya nilisimuliwa jioni ile, yeye akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye rafu ya vikombe na kurudi, mimi nikimfuata kwa macho mpaka shingo ikauma.

"Amesemaje?"

"Kwanza alitazama ile karatasi. Halafu akasema ramani imeshabandikwa na imeshatiwa saini. Nikamwambia saini ni ya kwako, Katibu, uliitazama kabla hujasaini? Akasema ana karatasi arobaini kwa siku. Akaniuliza, wewe unakaa wapi vile?"

"Nilijua atafika huko."

"Nikamwambia bondeni. Akasema basi nyamaza, mzee wangu, nakuonea huruma. Ukiugusa huo mstari leo, watasema umejichorea kata. Umebakiza miezi mitatu. Ondoka na jina lako zuri." Akageuza sikio la kikombe likae sawa na mengine. "Na usiseme ni mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina jina zuri."

"Na watu wa bondeni je? Si watajaza fomu?"

Alicheka bila furaha. "Wamejaza wangapi? Nimepita masjala kuuliza. Hakuna hata moja."

Ilikuwa kweli, na mimi ni wa kwanza kuona haya. Tulinuna vibarazani, tulimsema Milimita, tulisema wakubwa wamebadilisha, ndivyo walivyo, utafanya nini. Hakuna aliyekwenda kuuliza ni mkubwa gani. Hata mwenyekiti, tulikuja kujua baadaye, alipoiona ramani alidhani watu wa takwimu wamekuta hesabu yetu haitoshi, akakasirika peke yake nyumbani kwake. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyeamua, kumbe iliyoamua ilikuwa penseli.

Alhamisi kinyozi alimkataa. Shemeji alivuka uchochoro asubuhi kama kila Alhamisi, akakaa kwenye kiti.

"Samahani, mzee," kinyozi akasema, anapuliza mashine yake. "Kiti hiki kiko kata ya sokoni. Wewe ni wa mlimani. Nenda kanyolewe kwenu."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Shemeji akainuka, akakitazama kiti, akautazama uchochoro pale mstari wake ulipopita, ambapo hapakuwa na kitu ila maganda na maji ya sabuni, akaruka kana kwamba kuna uzi umefungwa, akarudi ndani na ndevu zake. Siku nzima hakwenda kazini. Alitengeneza bawaba ya kabati langu, akapanga vifungo vyangu kwa ukubwa, halafu kwa rangi, halafu tena kwa ukubwa. Mchana alisukuma sahani.

Nilivumilia mpaka saa kumi. Mimi si mtu wa kuvumilia, ujue.

"Shemeji, kaa chini nikuambie kitu."

"Niambie nikiwa nimesimama."

"Haya. Jina zuri unaloliogopea liko ukumbini sasa hivi, kwenye kisanduku cha ramani mbovu. Utaliacha hapo miaka kumi. Kila mtu wa bondeni akivuka mtaro viatu mkononi, atalisoma."

"Nikiibadilisha watasema nimependelea."

"Usipoibadilisha wameshasema umelishwa. Chagua tusi unaloliweza."

Akazungusha kifungo kidoleni muda mrefu.

"Fomu inatolewa saa ngapi?" akauliza.

Ijumaa tulikwenda wote. Alivaa koti. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja, na kwa sababu yeye hawezi kuandika kwenye kaunta iliyoinama, alitoa rula mfukoni, akaweka chini ya fomu, akaandika kama anachora. Jina la mpingaji: akaandika jina lake. Jina la mchoraji wa ramani inayopingwa: akaandika jina lake. Mstari wa chini uliuliza uhusiano uliopo kati ya mpingaji na mchoraji, kama upo. Akasita hapo, anagonga kalamu kwenye jino. Mimi nilitaka kumwambia aruke, lakini yeye haachi kisanduku kitupu. Akaandika: Tunafahamiana.

Katibu aliipokea mwenyewe. Akaisoma, akamtazama, akaisoma.

"Unajipinga mwenyewe?"

"Fomu haikatazi."

"Mzee wangu, nilikuambia nini juzi?"

"Uliniambia ninyamaze. Nimejaribu siku moja, nimeshindwa. Muulize shemeji yangu, nimempangia vifungo mpaka amechoka."

Kamati ilikuwa inakaa saa tisa kupokea pingamizi, na kwa kuwa pingamizi lilikuwa hilo moja tu, wajumbe watano walikaa wanatuangalia sisi wawili, viti mia mbili vitupu nyuma yetu. Mwenyekiti alivaa miwani. Katibu akasoma fomu haraka haraka, na alipofika mwisho akaongeza kwa sauti ya upole kwamba kamati izingatie mpingaji ni mkazi wa bondeni, na ana maslahi.

"Ni kweli?" mwenyekiti akauliza.

"Ni kweli," shemeji akasema. "Chumba cha uani, kwa huyu hapa. Mvua ikinyesha navuka kwa miguu kama nyie mnavyosikia." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kalamu zake tatu za wino na ule wembe wenye kutu, akavipanga mezani, vimelingana. "Kwa hiyo nisichore mimi. Achore binti niliyemfundisha, yeye anakaa mbali na bonde. Na jina langu litolewe kwenye kisanduku. Mimi naomba kitu kimoja tu, mwenyekiti. Iletwe ile karatasi ya penseli nyekundu, isomwe hapa kwa sauti."

Ikaletwa. Dada Rula aliileta mwenyewe, na bila kuambiwa akaleta na zake, akazitandaza upande upande. Mwenyekiti akainama. Alisoma kata mlimani. Alisoma kata sokoni. Alisoma kata bondeni. Kisha akamgeukia Katibu kwa macho yale ya darasani.

"Katibu, hili neno hapa umeliandika kama kitenzi au kama jina?"

Katibu alikuwa mtu mzima mwenye suti, lakini mikono yake ilijificha yenyewe chini ya meza.

"Jina," akasema.

"Sikusikia."

"Ni jina, mwenyekiti. Nilimaanisha kata ya bondeni. Na saini... sikuitazama ramani kabla ya kusaini."

"Ukiweka y na a, unapungukiwa nini?"

Mjumbe mmoja alikohoa, akajifanya anatafuta leso. Mwenyekiti akaandika kwa kalamu yake mwenyewe, na niliona anakandamiza: iundwe KATA YA BONDENI, mchoraji abadilishwe, ramani mpya ibandikwe, muda wa pingamizi ufunguliwe siku tatu. Shemeji akaomba ruhusa, akatoka nje, na nilipomfuata nilimkuta anazunguka nguzo ya bendera.

"Imebaki tupu," akasema, akinionyesha mikono yake. "Sijui niiweke wapi."

Nikampa mkoba wangu abebe.

Hawakumfukuza. Jumatatu Katibu alimpeleka stoo kupanga majalada ya zamani mpaka siku zake ziishe, na kila mtu alijua ni adhabu isipokuwa shemeji, ambaye kwa siku moja aliyapanga kwa mwaka, kwa namba na kwa urefu. Kinyozi alivuka uchochoro mwenyewe kuja kumwita.

"Mzee, njoo unyolewe. Leo kiti kimerudi nyumbani."

"Na mimi ni wa kata gani leo?"

"Ya ndevu ndefu. Njoo bwana, rula nimeiosha."

Ramani mpya ilibandikwa Jumanne. Kata ya bondeni ilikuwepo, nzima, kuanzia miguuni mwa mlima hadi mtaroni, na jina limeandikwa katikati, na 'ya' yake ilionekana hata kwa mtu aliye mlangoni. Watu walikuwa wengi safari hii. Walimpisha shemeji apite mbele. Hakuna aliyemtaka radhi, watu wa kwetu hawajui kuomba radhi, wanajua kupisha. Kwenye kisanduku pembeni palikuwa na jina la Dada Rula. Alilitazama, akalitazama tena.

"Herufi zake nzuri," akasema.

"Zako zilikuwa nzuri zaidi. Twende."

"Ngoja." Alikuwa ameshatoa rula. Ameinama pale mtaro unapokata kona, pua inakaribia kugusa karatasi. "Hapa amekosea."

"Shemeji."

"Milimita moja. Mtaro unapinda huku, yeye kapinda mapema."

"Milimita moja, baba. Tumepata kata, acha."

Hakuacha. Nilirudi peke yangu, na mchana ule, mvua ikiwa imekwisha kunyesha na mtaro umejaa, wateja wawili walikuja kuniambia kwamba shemeji yangu yuko kwenye kona ya mtaro, suruali imekunjwa hadi magotini, anahesabu hatua. Alirudi ameloa, anahema.

"Mita kumi," akasema. "Katika hizo mita kumi kuna nyumba moja. Ya muuza mkaa. Yeye, mkewe, mama yake na watoto wakubwa watatu. Watu sita wenye kura, wamebaki nje ya kata yetu."

"Yeye amelalamika?"

"Hajui. Nimemwonyesha, anasema ndivyo walivyoamua wakubwa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa nimemwekea chai. Aliipita, akaingia chumbani, akatoka na fomu, maana alikuwa ameshachukua mbili tangu ile Ijumaa, ya akiba. Akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia, akasukuma kitambaa cha watu, akaweka rula chini ya mstari. Jina la mpingaji, akaandika. Jina la mchoraji, akaandika la Dada Rula, kwa herufi nzuri kama za kisandukuni. Alipofika kwenye uhusiano safari hii hakusita hata kidogo. Aliandika: Nilimfundisha kazi.

"Atakasirika," nikasema.

"Atakuwa amepima mwenyewe kabla sijafika. Nilimfundisha hivyo." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Masjala wanafunga saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Chai inapoa. Na uvue viatu, mtaro umejaa."

Alikuwa ameshavivua. Nilimwona akivuka uchochoro, kiatu kimoja kila mkono na fomu kwenye meno, na kinyozi anamsindikiza kwa kupiga rula kwenye mgongo wa kiti.